Jiwe la Karuba Nililolikataa

Kabla hujanisalimia, niambie hilo jiwe umelitoa wapi. Ndivyo nilivyowapokea watu kwa zaidi ya miaka thelathini pale labo, maabara yetu ndogo ya mawe ya Masisi, na ndiyo maana waliniita Mama Siamini. Jina langu la ubatizo ni Jozefina. Siku hizi nimestaafu, nina kuku sita ninaowahesabu kila jioni ingawa jirani zangu ni watu wa sala, na mtu akinisogelea mkono ukiwa mfukoni bado naanza kujiuliza anaficha nini.

Ninyi vijana mliochukua nafasi zetu mmeniomba niwaandikie jinsi ya kulijua jiwe lililotoka angani. Nitawaandikia, lakini nawashuku. Kila wiki napokea picha kwenye simu: jiwe jeusi juu ya kitambaa cheupe, na chini yake maneno, "Mama, hii iko ya mbinguni?" Hakuna anayeniambia limeokotwa wapi, na nani, wala lilikuwa linafanya kazi gani kabla ya kupigwa picha. Hilo la kazi mlishike sana, maana ndilo lililonishinda mimi.

Kazi yetu ya kila siku haikuwa vimondo. Ilikuwa madini ya kasiteriti na koltani kutoka Walikale, magunia kwa magunia, na wenye magunia walikuwa walimu wangu wa kwanza wa kutoamini. Walikuwepo waliochanganya mchanga mweusi wa mtoni. Yuko mmoja aliyeloanisha gunia ili lizidi uzito, akaniapia kwa jina la mama yake kwamba ni jasho la mbebaji. Vimondo vililetwa mara moja moja, na karibu vyote havikuwa vimondo. Vingi vilikuwa lava, maana volkano haziko mbali nasi. Vingine vilikuwa mabaki ya chuma kutoka kwa wahunzi. Ukiona jiwe lina matundu kama mkate, mrudishie mwenyewe na umtakie safari njema. Baba mmoja wa Muheto, papa kama tusemavyo kwetu, aliniletea kipande cha namna hiyo, alichokipaka rangi ya viatu. Nilikigusa, nikanusa kidole.

"Papa," nikamwuliza, "kule mbinguni banavaa viatu?"

Akacheka mpaka akashika mlango, akachukua jiwe lake akaenda zake. Nasikia baadaye alilipeleka Goma.

Aliyenifundisha vimondo ni Papa Zakaria, mkuu wetu wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa amesomea mawe ng'ambo, akarudi na sanduku la bati lenye vipande vya vimondo vilivyosagwa vyembamba hadi mwanga unapita, kila kimoja kimebandikwa juu ya kioo kidogo. Sanduku lile alilifunga kwa kufuli mbili na funguo alizivaa shingoni pamoja na msalaba. Alinizidi kwa shuku. Chai yake aliipika mwenyewe.

Vile vipande karibu vyote vilikuwa vya kondriti. Kondriti ni jiwe la zamani kuliko mlima wowote mnaoujua, limejaa punje za mviringo, nyingine kama kichwa cha pini, nyingine kama mbegu ya mtama. Zamani punje hizo zilikuwa matone ya moto yaliyopoa yakielea huko angani, kisha yakashikana. Jiwe la ardhi yetu halina punje hizo. Basi mimi, baada ya miezi mitatu ya kutazama lile sanduku, nikajiona nimeiva. Papa Zakaria akaniwekea mezani kipande cheusi chenye vidoa vyeupe vya mviringo. Nilikitazama siku nzima, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: kondriti. Akasoma, akakunja karatasi, akaniambia nimfuate jikoni kwake nyuma ya labo. Mke wake alikuwa anapika sombe, majani ya mihogo, juu ya mafiga mawili na tofali. Figa la tatu ndilo nililokuwa nimeliandikia ripoti.

Ilikuwa lava. Zamani ilikuwa na viputo vya hewa, na baadaye viputo vikajaa madini meupe. Mke wake alicheka wiki nzima, akawa ananiuliza kama sufuria yake nayo imetoka kwenye mwezi.

Baada ya aibu ile ndipo aliponifundisha kwa uzito. Kwanza pima chuma. Kondriti za kawaida zina makundi matatu: zenye chuma kingi tunaziandika H, zenye kidogo L, zenye kidogo zaidi LL. Kisha angalia jinsi jiwe lilivyopikwa na joto la huko lilikotoka, kuanzia tatu hadi sita. Papa Zakaria alinieleza kwa maharage. Tatu ni maharage yaliyoonja moto tu, kila punje unaiona na ngozi yake. Nne na tano yanaanza kulainika ukingoni. Sita ni maharage yaliyosahauliwa jikoni: unajua zilikuwa punje, lakini huwezi kuzihesabu.

Halafu kuna breshi. Huko angani mawe yanagongana, yanavunjika, na vipande vinakandamizwa pamoja upya, kwa hiyo kimondo unachokishika kinaweza kuwa jiwe la vipande. Jiwe la namna hiyo ndilo breshi. Vipande vyote vikiwa sawa kabisa, ni monomikti. Vikiwa vya kundi moja ila vimepikwa tofauti, kimoja nne na kingine sita, ni jenomikti. Vikiwa vya makundi mbalimbali, maharage na mahindi chungu kimoja, ni polimikti. Tena kuna breshi ya usoni, iliyokuwa vumbi na kokoto kwenye ngozi ya nje ya jiwe mama, jua likiipiga moja kwa moja. Hiyo utaiona ina vipande vyeupe ndani ya unga mweusi. Ikipasuka vibaya, nusu moja inatoka nyeusi na nyingine karibu nyeupe, na mtu mwenye haraka ataapa kwamba ni mawe mawili.

Mtu mwenye haraka nilikuwa mimi, na haraka yangu ilimfukuza mtu kwenye kilima chake.

Kama hamjafika Karuba, ni kijiji cha ng'ombe na maharage, karibu na Mushaki, na mashamba yake yako juu ya paa za watu. Mteremko ni mkali. Anayelima juu akigonga jiwe kwa jembe, jiwe linabingirika mpaka uani kwa jirani wa chini. Kwa sababu hiyo wana desturi yao. Jiwe likishuka likaharibu kitu, mwenye shamba la juu anateremka mwenyewe, anaomba radhi, analibeba mikononi na kulipandisha shambani kwake watu wakiona. Mambo yanaisha pale, na mara nyingi anapewa maziwa ya njiani. Asiyekuja kupandisha jiwe lake, kijiji kinamhesabu kwamba alilitupa kwa makusudi.

Chini ya mteremko mmoja alikaa Mama Esperansi, mjane, mtengeneza jibini. Juu yake alilima Papa Fostini na mke wake. Wawili hawa walikuwa na maneno ya siku nyingi juu ya ua wa miti uliokuwa, kwa mujibu wa Mama Esperansi, unatembea kidogo kila msimu kuelekea kwake.

Mchana mmoja, wakati wa kupalilia, mlio mkubwa ulipasuka juu ya vilima, na midogo ikafuatana. Kwingineko watu wangetoka nje kutazama angani. Kwetu Masisi, tuliozoea vita, mlio wa namna ile unakulaza chini. Karuba nzima ililala, walio nyumbani chini ya vitanda, walio shambani kati ya mistari ya maharage, nyuso kwenye udongo. Hakuna hata mmoja aliyetazama juu. Katika kimya kilichofuata, jiwe likatoboa mabati ya chumba cha jibini, likapiga sakafu ya saruji, likapasuka nusu mbili na kuangusha maziwa ya asubuhi. Watu walipoinua vichwa, walimwona mtu mmoja tu amesimama kwenye mteremko juu ya nyumba ile, jembe mkononi. Papa Fostini alikuwa ndiye aliyeinuka wa kwanza.

Akaambiwa aje kupandisha jiwe lake. Akakataa. Akasema jiwe si lake, jembe lake halikugonga kitu, yeye alikuwa amelala kama wengine. Wakagombana miezi mingi, mpaka shefu wa kijiji akachoka, akaandika barua kuuliza kama jiwe ni la shambani au la angani, akawatuma wote wawili kwangu na zile nusu mbili. Nusu moja ilikuwa imekaa jikoni kwa shefu kama ushahidi, nyingine kwa Mama Esperansi.

Nilizipanga mezani. Ile ya shefu ilikuwa karibu nyeupe palipopasuka, na mgongo wake mweusi wa masizi. Ile ya Mama Esperansi ilikuwa nyeusi ndani, imejaa kutu ya kahawia iliyoingia mpaka kwenye nyufa, kingo laini kama sabuni iliyotumika. Nikajaribu kuziunganisha. Hazikushikana. Sumaku ilivuta zote mbili, lakini lava yetu nayo sumaku huivuta kidogo, kwa hiyo sikujali. Nilianza kuwatazama wao badala ya mawe. Wiki ileile ndipo yule papa wa Muheto alipokuja na rangi ya viatu, na nilikuwa bado na hasira naye.

"Hii jiwe mulitoa fasi gani kweli?" nikauliza.

"Ilianguka mu nyumba yangu, Mama," akasema Mama Esperansi. "Ilitoboa mabati. Kuya uone tundu."

"Yote mbili?"

"Iko moja. Ilipasuka."

"Mama, mimi nina macho. Hii nyeupe na hii nyeusi biko ndugu?"

Akatazama sakafu. Nikaona huko ni hatia, kumbe alikuwa mwanamke aliyeitwa mwongo mbele ya adui yake. Papa Fostini, mtu mrefu mpole, kofia mikononi, akasogea mezani.

"Mama, pasua hii jiwe. Uangalie mu ndani."

Msumeno wetu ulikuwa umekufa. Diski yake ya almasi tulikuwa tumeiagiza Goma, na barabara ilikuwa imefungwa. Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza kusugua upande mmoja kwa jiwe la kunoa nikaona kama kuna punje. Sikufanya. Niliona wameniletea mchezo, mtu ameokota mawe mawili ya shambani, na mimi si mtu wa kuchezewa. Nikavunja pembe ndogo ya kila nusu kwa ajili ya kabati, kama sheria yetu ilivyotaka, kisha nikaandika: mawe mawili tofauti, moja lina kutu ya miaka mingi ardhini, si kimondo, ni mawe ya mahali palepale. Nikagonga kachet, muhuri wa labo.

Papa Fostini aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Sasa na mimi?" akauliza.

"Mimi naandikia mawe, Papa. Siandikie batu."

Jibu lile nililipenda sana. Nililirudia kwa wenzangu wakati wa chai, wakacheka.

Miaka ikapita. Papa Zakaria alistaafu, akafa, na sanduku lake likabaki kwangu na kufuli zake mbili. Zikaja mashine zenu za mkono, zile kama bunduki, unaelekeza kwenye jiwe na inakutajia madini yaliyomo. Nazitumia, ila siziamini. Zinasoma ngozi tu. Ningeielekeza kwenye ile nusu yenye kutu ingenitajia chuma na chumvi, nami ningebaki na ujinga wangu uleule ukiwa umechapishwa vizuri.

Wiki yangu ya mwisho kazini tulipata diski mpya. Neema, ambaye yuko kati yenu, mwulizeni, alihitaji kujifunza kukata. Nikamwambia achukue vipande vya zamani kabatini, visivyo na maana, aharibu anavyotaka. Akaanza na kile chenye kutu. Msumeno ulipoingia, maji yakaruka, chumba kikajaa harufu.

"Mama," Neema akasema, akizima mashine, "hii jiwe inanuka fromaji."

Jibini! Nikamwambia asinifanye mtoto. Kisha nikainama, nikanusa. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochacha, imetoka ndani ya zile nyufa. Nikasoma karatasi iliyofungwa kwenye kipande: Karuba.

Tulizitumia siku tatu zilizobaki. Tulikata vipande vyote viwili, tukavisaga mpaka mwanga ukapita, nikaviweka chini ya hadubini. Punje zilikuwepo. Punje nzuri, za mviringo, kwenye vyote viwili, na chembe za chuma zinazong'aa katikati. Dawa ya kupimia nikeli ikageuka waridi, maana yake nikeli ilikuwemo, kama kwenye chuma cha vimondo. Kile cheupe kilikuwa kipande kikubwa cha daraja la sita, na pembeni mwake umeshikamana unga mweusi uleule wa kile kingine. Ndani ya unga ule zilikuwemo kokoto nyeupe za tano na za sita, na punje za nne zinazoonekana vizuri. Zote za kundi H. Breshi ya usoni, jenomikti, jiwe moja. Na yale niliyoyaita masizi ya jiko, nilipoyafuta, chini yake palikuwa na ganda jembamba la kuungua, lile ambalo kimondo hulivaa kinapopita hewani. Ningelifuta siku ile kwa kitambaa chenye maji ningeliona.

Neema alifurahi, akataka kupiga picha. Mimi niliona aibu mpaka nikashindwa kukaa.

Nilipanda pikipiki kwenda Karuba. Mama Esperansi alikuwa amezeeka, lakini alinijua kabla sijashuka. Nilimwuliza swali moja ambalo nilipaswa kumwuliza miaka ile: baada ya kuanguka, jiwe lilifanya kazi gani?

"Ilikandamiza fromaji," akasema, kama vile nimemwuliza maji yanafanya nini. "Jiwe nzito vile, niitupe? Niliweka juu ya kibao, inakamua maji. Kila asubuhi naosha na chumvi, nasugua na muchanga. Fromaji haitake uchafu."

Miezi mingi ya chumvi na maji ya maziwa. Miezi mingi ya mchanga kwenye kingo. Kutu yangu ya miaka mingi ardhini ilikuwa usafi wa mwanamke huyu. Nikamwambia kwamba jiwe lilitoka angani, kwamba hakudanganya, na kwamba Papa Fostini hakutupa kitu. Alikaa chini kwenye ngazi ya chumba chake.

"Fostini alikubali," akasema.

"Alikubali nini?"

"Alikubali kama ni yeye. Mu kanisa. Alipiga magoti mbele ya batu bote, akaomba musamaha. Nilimusamehe, Mama. Nilimupa mukono."

Akanieleza yote. Baada ya karatasi yangu kusema jiwe ni la palepale, hakuna aliyemwazima Papa Fostini kamba. Hakuna aliyekwenda kumsaidia kuvuna. Mke wake akawa anateka maji peke yake, baada ya wengine. Alibisha misimu minne. Kisha Jumapili moja akapiga magoti, na baada ya kusamehewa hakuweza kukaa. Akaacha shamba, wakaenda Walikale, msituni, kwa ndugu za mke wake.

Ningeweza kuandika karatasi nyingine na kuituma. Nakiri kwenu kwamba nililifikiria. Lakini nilikuwa nimejifunza kitu juu ya karatasi zangu, nikaenda mwenyewe. Njia ya Walikale mnaijua, sitawachosha na matope yake. Nilimkuta Papa Fostini kando ya ile barabara ya Bukavu na Kisangani, anaanika mihogo kwenye turubai. Alinitazama, akavua kofia, kama siku ile labo.

Nikamsomea ripoti mpya, nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi ya kwanza pia ilikuwa na kachet, Mama," akasema.

Nikamtolea kipande kilichosuguliwa na lenzi yangu ya mkono, nikamwonyesha jinsi ya kuisogeza kwenye jicho. Alitazama kwa muda mrefu, akakigeuza kwenye jua, akatazama tena.

"Naona biko vya muviringo."

"Njo vyenyewe. Haviko mu jiwe ya hapa chini hata moja."

Akanirudishia lenzi, akabaki na jiwe.

"Unajue kitu gani ilinipigisha magoti? Haikukuwa batu. Batu ningebavumilia. Ni ile karatasi yako. Nilisema: huyu mama anajua mawe, mie sijue. Pengine nililala chini, jembe ikagonga jiwe, na sikusikia ju ya ile mulio. Nikafikiri vile kila siku. Mwisho nikaanza kuikumbuka. Mpaka leo naiona, Mama. Naona jiwe inatoka chini ya jembe yangu, naona inashuka." Akanyoosha kidole kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mteremko wowote, msitu tu. "Sasa unaniambia haikufanyika. Ile yenye naiona, niipeleke wapi?"

Nilimwomba twende wote Karuba. Akatikisa kichwa, akaanza tena kugeuza mihogo yake.

"Mie nilishapiga magoti kule. Enda nawe upige."

Nikarudi. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, mchungaji akaniruhusu kusimama mbele. Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya breshi na kutu na chumvi. Niliwatazama, watu wale wenye mikono ya jembe, na yote yakanitoka. Nikapiga magoti. Nikasema: jina langu ni Jozefina, niliandika uongo na nikaugongea kachet, Papa Fostini hakutupa jiwe, na hata alipokubali mbele yenu hakuwa amelitupa.

Papa mmoja mzee, kiti cha mbele, akainua mkono.

"Mama, musituchoke. Ile mara ya kwanza tuliamini. Hii mara tutajua namna gani?"

Nilimpenda mzee yule kuliko wote. Nikainuka, nikatoa lenzi na nusu ya shefu, niliyoiomba kwake na kuisugua upande mmoja, nikaiweka dirishani penye mwanga. Wakapanga mstari. Walitazama mmoja mmoja, wengine mara mbili, wakabishana kuhusu punje, mama mmoja akasema zinafanana na mtama na mwingine akasema hapana, za uwele. Niliwaambia wasinisikilize mimi, wahesabu wenyewe. Ilichukua muda kuliko ibada.

Mama Esperansi alikuwa wa mwisho. Alitazama, jicho moja limefumba, pumzi yake ikifanya ukungu kwenye lenzi, akaifuta kwa pembe ya kitenge na kutazama tena. Kisha akaniwekea lenzi mkononi, akakaza kitenge kiunoni.

"Niambie, Mama Jozefina," akasema. "Ukifika Walikale, nyumba ya Fostini iko upande gani ya barabara?"